Pale Chai Ilipokataa Kumea

Jambo la kwanza nililoliona kwa Kogo Janeffer ni miguu yake. Ilikuwa Jumapili ya mvua, nasi tulikuwa tukitoka kanisani kwa njia ya mkato inayopita katikati ya chai ya kampuni. Wanawake walikuwa wameinua sketi, wanaume wamekunja suruali, kila mtu akitafuta mahali pakavu pa kukanyaga. Yeye alifika kwenye pengo, lile eneo lisilo na mchai hata mmoja, penye nyasi tu, akasimama. Akavua gambuti zake moja baada ya nyingine, akazibeba mkononi, akavuka peku katika yale matope baridi. Upande wa pili alipangusa nyayo kwa majani, akavaa tena na kuendelea na safari. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi, niliyekuwa nimerudi nyumbani majuzi na shahada ya historia, nikauliza.

"Musa aliambiwa avue viatu," akanijibu. "Wewe umesoma kuliko Musa?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba jibu hilo alikuwa amewapa wachungaji wote waliowahi kupita kanisani kwetu, na kwamba halikuwa jibu lake la kweli.

Kogo maana yake ni nyanya katika Kipsigis chetu, na kijijini kwetu, nje kidogo ya Litein, hata watu wasio na undugu naye humwita hivyo. Ndiye mzee kuliko wote waliobaki. Ni mwembamba, mnyoofu, na sauti yake bado inaongoza kwaya ya akina mama, ingawa wengine wameanza kulalamika kwamba anaanzisha nyimbo juu mno. Ana kishamba kidogo cha chai, ana ng'ombe mmoja anayemkaripia kama mtoto, na ana tabia ya kumtazama mtu anapoongea mpaka yule mtu afupishe maneno.

Aliyemlea ni nyanya yake, mama mzaa baba. Huyo nyanya aliolewa katika boma lililokuwa pale penye pengo, siku ambazo chai ilikuwa bado haijafika upande ule wa mto. Kisha serikali ya kikoloni ikaamua kwamba ardhi ile ni ya walowezi. Watu waliondolewa na ng'ombe wao, nyumba zikatiwa moto. Waliokuwa na nguvu walisukumwa mbali, wengine wakajibanza ukingoni. Halafu ikaja kodi ya nyumba, na shilingi ya kulipia kodi ilipatikana kwa mzungu peke yake. Kwa hiyo yule mama kijana akarudi mlemle alimofukuzwa, safari hii akiwa kibarua wa kupanda miche. Alipanda mche wa chai juu ya boma lake mwenyewe. Ukakauka. Msimamizi akaamuru upandwe mwingine, nao ukakauka.

Mtu yeyote aliyefanya kazi katika chai anajua sababu. Chai hupenda udongo mchachu. Penye majivu ya meko ya miaka mingi na samadi ya ng'ombe, udongo huwa mtamu, uchachu umeisha, na mchai hunyauka. Mashamba yetu yana mapengo mengi ya namna hiyo. Wachumaji hukaa hapo kula, wala hawaulizani nani aliyepika hapo kabla yao.

Wamishonari nao walifika. Nyanya alibatizwa akiwa mtu mzima, na mjukuu akapelekwa shule ya misheni kwa miaka michache iliyomtosha kusoma Biblia na kujua noti za muziki. Huko alifundishwa kwamba mfu huzikwa kaburini, chini ya msalaba, akingoja parapanda, na kwamba yote waliyofanya wazee wake kabla ya hapo yalikuwa giza. Kutoka shule aliingia katika chai ya kampuni, akachuma mpaka magoti yalipokataa. Chuoni tulifundishwa dini, biashara na ukoloni katika mihula mitatu tofauti. Kwake yote matatu yalipita katika ua mmoja, na ua wenyewe ndio ule anaouvuka peku.

Mwaka huu tume ya ardhi ilitangaza kwamba itasikiliza madai ya vijiji vilivyoondolewa. Kampuni ilikuwa imejibu mapema: sehemu ile ilikuwa pori, na pengo lipo kwa sababu chini yake kuna mwamba. Tume ikasema itakuja Alhamisi kujionea, na ikataka ushahidi kwamba watu waliishi hapo. Ushahidi mzuri kupita wote, ilisema, ni makaburi ya mababu.

Kamati ya kijiji ilikutana kanisani Jumamosi alasiri. Mwenyekiti ni Mzee Johana, mdogo wa marehemu mume wa Kogo Janeffer, na mzee wa kanisa pia. Msomaji asimwone kuwa mlaghai. Baba yake alifukuzwa kutoka ardhi ile akiwa mtoto, akazeeka na kufa kwenye kipande cha kando ya barabara kisicho chake. Wana wa Johana wameoa, na wote bado wanabanana katika uwanja mmoja ambao kuku wa huyu anataga kwa yule. Anaitaka ardhi ile kama mtu anayetaka pumzi.

"Bila makaburi, tumekwisha," alisema. "Kiplimo, waambie."

Kiplimo, mwanawe, akasimama huku akitabasamu. "Iko sawa. Tumetoa mawe mtoni, tukayapanga pale pembeni ya pengo, laini kwa laini. Tumeyapaka matope yakae ya kitambo. Hata mimi nikipita naogopa."

Watu walicheka kwa wasiwasi. Mzee Obiero, aliyekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana kufanya kazi ya chai na akazeekea kwetu, alitikisa kichwa.

"Kijana, kwetu mtu mmoja akizikwa tunalia mpaka jirani anahama," alisema. "Nyinyi mmezika ukoo mzima asubuhi moja, na hamkualika mtu hata kwa chai?"

"Mzee Obiero, hii si mambo ya mchezo," Johana akamkatiza. Akamgeukia Kogo Janeffer. "Shemeji, wewe ndiye mkubwa. Utasimama hapo useme, huyu ni babu, huyu ni ndugu yake. Basi."

"Babu yangu hakuzikwa," alisema Kogo Janeffer.

Nilitazama nyuso za wazee na nikaona kwamba wote walijua. Zamani zile, kabla ya misheni, mtu mzima akifa, watu wa nyumba yake walimbeba jioni hadi upande wa machweo, wakamlaza kwa heshima, na fisi wakaja. Ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na kaburi, wala jiwe, wala mahali pa kuonyesha. Kisha tukafundishwa kuiona kuwa aibu, tukafundishika vizuri mno. Babu zetu waliotubu hawakuwaambia watoto wao, na sasa watoto wa watoto wanapanga mawe.

"Shemeji," Johana alisema polepole, "hiyo maneno tuliiacha."

"Tuliacha kufanya. Kusema kwamba tulifanya, tuliacha lini?"

"Kogo," Kiplimo akaingilia, "unataka tusimame mbele ya serikali tuseme tulikuwa tunalisha fisi? Hiyo video itafika Nairobi kabla wewe hujafika nyumbani."

"Nitaapa kwa Biblia?"

"Wote tutaapa," Johana alisema.

"Basi usinisimamishe kwa hayo mawe."

Akachukua leso yake, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Jumatatu kituo cha kununua chai kilikuwa kimejaa kama kawaida. Nilimwona Kogo Janeffer akipanda mlima na kikapu mgongoni. Siku zote mtu humpokea kabla hajafika kwenye mizani. Siku hiyo wanawake wa kwaya yake waliangalia simu zao, wakaangalia barabara, wakaangalia majani yao wenyewe. Alikishusha kikapu peke yake, goti moja chini, na majani mengine yakamwagika katika matope. Nilipomkaribia kumsaidia, alininong'oneza nirudi nyuma. "Wewe bado unatafuta mke hapa," alisema.

Jioni ile Johana alikwenda kwake. Nilikuwa hapo, kwa sababu kamati ilinipa kazi ya kuandika maelezo ya kijiji na nilitaka kuyasikia kutoka kwake. Kogo Janeffer alimmiminia shemeji yake maziwa ya kibuyu, mursik, meupe yenye vidoa vya mkaa. Johana alikishika kikombe bila kunywa.

"Nimekuja kama ndugu," alisema. "Usiseme. Hutaki kudanganya, sawa, nyamaza. Mimi ndiye nitasema. Wewe simama tu."

"Nikisimama kando yako nimesema."

"Shemeji, mimi nina umri gani? Nikikosa mara hii, watoto wangu wataenda wapi? Na nikipata, unafikiri watu watakubali kumgawia mtu aliyesimama na kampuni?"

"Sijasimama na kampuni."

"Ndivyo watakavyosema." Alikizungusha kikombe mkononi. "Hata wajukuu wako watasema."

Akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Kwetu hilo si jambo dogo, na sisi wawili tulikitazama kile kikombe kwa muda baada ya yeye kuondoka.

Kesho yake asubuhi Kogo Janeffer aliniita nimsindikize hadi penye pengo. Mawe ya Kiplimo yalikuwa hapo ukingoni, yamepangika safi, safu mbili, yote yakielekea upande mmoja kama makaburi ya kanisani. Hakuyatazama. Alivua gambuti zake, akaingia katikati ya nyasi, akasimama mahali ambapo macho yangu hayakuona tofauti yoyote.

"Watu wazima hawakuzikwa," alisema. "Lakini mtoto asiyeota meno alizikwa. Ndani ya boma, kwa samadi ya ng'ombe, karibu na nyumbani. Hapa kuna mtoto. Wa kwanza wa nyanya yangu, msichana. Angekuwa shangazi yangu. Nyanya aliletwa hapa kupanda chai juu yake."

Nilisogea nyuma hatua moja.

"Nilipoanza kuchuma katika shamba hili, nyanya alinionyesha. Akaniambia, ukipita hapa, vua. Yeye hana viatu."

Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Mahali pa mtoto kama huyo hapatajwi ovyo, na isitoshe alijua kitakachofuata akitaja. Tume ingetaka kuona. Watu wasiomjua wangeleta jembe. Na nyanya yake alikuwa amemwachia kazi moja tu, kumlinda yule mtoto asikanyagwe.

"Wewe umesoma," aliniuliza. "Mifupa ya mtoto hukaa? Miaka hii yote?"

"Sijui, Kogo."

"Nikisema, wachimbe, wakose, nitakuwa nimemsumbua bure, na ardhi imekwenda." Akavaa gambuti. "Nisiposema, haya mawe ndiyo yatakuwa wazee wetu."

Alhamisi mvua ilikuwa nyepesi. Magari ya tume yalisimama kwenye barabara ya shamba, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama kando ya pengo katika nguo za Jumapili. Askari wa kampuni walisimama upande wa pili. Wajumbe wa tume walikuwa wazee wawili na mama mmoja mwenye mwavuli. Wakili wa kampuni alikuwa msichana wa Siongiroi aitwaye Nelvine, mtoto wetu kabisa, na alitusalimia kwa Kipsigis kabla ya kufungua faili lake. Salamu ile ilinitia hofu kuliko askari.

Johana aliapa, akaonyesha mawe. Alisema huyu ni fulani, huyu ni fulani. Kogo Janeffer alikuwa amesimama nyuma ya kwaya, mbali naye.

"Asante, mzee," Nelvine alisema. "Hawa walifariki kabla ya watu kuondolewa?"

"Kabla."

"Kanisa lilikuwa limefika hapa?"

Johana alisita. "Bado. Lilikuja baadaye."

"Basi, mzee, naomba unieleze. Kwa nini wamelala safu kwa safu, kama pale nyuma ya kanisa lenu? Nani aliwafundisha kuzika hivi kabla ya kanisa kufika?"

Kiplimo aliinamisha kichwa. Ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya: alitaka kutengeneza makaburi ya mababu, na makaburi pekee aliyowahi kuyaona ni ya Wakristo. Mmoja wa wajumbe aliinama, akasugua jiwe kwa kidole, akakitazama kidole chake chenye matope mabichi. Johana alikuwa bado amenyoosha kidole kuelekea mawe. Nilielewa kwamba alikuwa akiiona ardhi ikiondoka mbele ya macho yake kwa mara ya pili katika ukoo wake.

"Mimi niapishwe," Kogo Janeffer alisema.

Watu walimpisha. Alivua gambuti akiwa bado mbali, akampa mwimbaji mmoja wa kwaya, na yule mama akazipokea. Akaweka mkono juu ya Biblia.

"Hayo mawe ni ya mtoni. Yaliletwa wiki iliyopita," alisema, na sauti kama ya upepo ikapita katika umati. "Shemeji yangu si mwongo. Ni mtu aliyeombwa kitu ambacho hana."

Nelvine alimsogelea. "Kogo, samahani. Kwa hivyo babu yako alizikwa wapi?"

"Hakuzikwa. Hata wako hakuzikwa, mtoto wangu. Ukifika Siongiroi, muulize baba yako."

Kicheko kilimtoka mmoja wa askari wa kampuni. Nelvine aliangalia chini, na kwa mara ya kwanza hakuandika kitu. Kogo Janeffer akaeleza yote, machweo, fisi, heshima, bila kupunguza na bila kuomba radhi. Simu zilikuwa juu, zikirekodi. Kisha akatembea hadi katikati ya nyasi, akasimama palepale aliponionyesha, akamtaja yule mtoto.

Niliona alivyokunja vidole vya miguu alipomtaja.

Yule mama wa tume alifunga mwavuli wake. "Kogo, unajua kwamba tukitaka kuthibitisha, lazima tufukue?"

"Najua."

"Na unakubali?"

Tulisikia mashine ya kuchuma chai ikinguruma bonde la pili. "Nyanya yangu hakuulizwa," alisema hatimaye. "Mimi nimeulizwa. Nakubali. Lakini mimi ndiye nitakayempokea."

Kampuni ilipinga, ikasema kwamba chini ni mwamba na kazi hiyo ni ya bure. Mzee Obiero, bila kuapishwa na bila kuitwa, alisema kwa sauti kwamba kama ni mwamba, jembe litawaambia, jembe halina kabila. Wajumbe walisogea pembeni wakashauriana. Waliporudi walisema madai yetu yamo hatarini kwa sababu ya mawe yale, na wasingeficha hilo. Lakini watarudi na mtaalamu wa mifupa na udongo, na pengo litafunguliwa. Kitakachopatikana, au kukosekana, ndicho kitakachoamua. Wakataja siku: Jumanne baada ya Pasaka.

Jioni ya Alhamisi ile Johana na wanawe waliyarudisha mawe mtoni, jiwe kwa jiwe. Wengine kijijini hawamsemeshi Kogo Janeffer hadi leo. Wanasema ametuvua nguo mbele ya watu, na kweli video ilifika Nairobi, na maneno yaliyoandikwa chini yake si mazuri kusoma. Wengine wamebadilika. Kwenye kituo cha chai kikapu chake sasa kina mikono ya kukipokea, si yote, lakini inatosha.

Jana nilipita kwake. Alikuwa ameanika blanketi dogo jeupe alilonunua Litein, la kumfungia mtoto, na alikuwa akimfokea ng'ombe asilikaribie. Johana alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni na kikombe cha mursik mkononi, nusu yake imeshanyweka.

"Hiyo Jumanne," alikuwa akimuuliza, "na mimi nivue viatu?"

"Wewe vua hata soksi."

Johana alitazama viatu vyake, kisha akatazama chai iliyoteremka hadi mtoni. Akaniuliza, kama wanavyoniuliza wote siku hizi, kama sijapata kusoma mahali popote iwapo mifupa midogo hudumu katika udongo wa boma. Nimetafuta. Nilichokipata ni kwamba udongo mchachu huila mifupa, na udongo mtamu huihifadhi zaidi; lakini ni miaka mingi, na alikuwa mtoto asiye na meno. Niliwaambia hivyo hivyo. Kogo Janeffer aligeuza blanketi upande wa pili likauke.

Pasaka ni Jumapili hii. Kwaya imeshachagua wimbo wa kumtoa mtoto, na yeye ndiye atakayeuanzisha, juu kama kawaida yake. Tunangoja Jumanne.